Kigari cha Kwenda Ndalu

Mlio nami tangu mwanzo mnajua niliwaacha wapi: kwenye benchi la hospitali ya misheni kule Lugulu, Ian amelala mapajani mwangu, na maneno ya daktari yakiwa bado yananizunguka kichwani.

Ian wangu anakaribia miaka mitatu na hajawahi kusimama dede. Daktari alinieleza kwa upole kwamba mtoto alizaliwa na shida ya ubongo, kwamba huenda asitembee maisha yake yote, na kwamba sasa amekuwa mzito, mgongo unaanza kupinda, nitafute kitu cha kumkalisha wima. Alikuwa mtu mwema. Hata alinipa maji ya kunywa. Lakini wema wake haukunisaidia kitu.

Nilitoka pale nimeamua jambo moja: sitamwambia mtu. Sitamwambia mume wangu, Hillary Barasa, karani wa serikali anayefanya kazi Bungoma na kuja kwetu Kitale mwisho wa wiki. Sitamwambia mama yake. Mama yake hasa!

Maana kwa wakwe zangu kesi ilikuwa imeshaanza. Krismasi iliyopita wifi yangu Phelista aliniangalia mbele ya watu, mkono kiunoni, akasema, "Sisi huku kwetu watoto wanatembea mapema. Si utuambie, kwenu kuna nini?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ukiolewa unajifunza kucheka wakati usiofaa.

Nilijua siku watakayopata jibu la swali hilo, nitarudishwa kwetu Mabanga kabla chai haijapoa. Tena nitarudi peke yangu. Kwetu sisi Wabukusu mtoto ni wa ukoo wa baba. Mimi ningeondoka na nguo zangu, na Ian angebaki na watu wasiojua hata jinsi ya kumshika shingo akinywa uji.

Ndipo nikaanza kutafuta kigari cha mtoto.

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ile ya daktari. Ya pili niliificha moyoni: mtoto akiwa ndani ya kigari, nani atauliza kwa nini hatembei? Watasema mama yake anaringa, anajifanya mzungu, mgongo wake umekuwa wa kubebea mkoba tu. Na waseme! Niliona bora mimi niitwe mwenye maringo kuliko Ian aitwe kiwete.

Jirani yangu Jerono ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisema. "Ati gari ya mtoto? Hapa Kitale, na hii matope yetu? Mama Ian, umeomoka lini, pesa umetoa wapi bana?"

"Wivu tu unakusumbua," nikamjibu, na moyoni nikamshukuru. Mpango ulikuwa umeanza kufanya kazi.

Kitu ambacho sikukitarajia ni Hillary. Mume wangu hajawahi kununua hata kijiko cha nyumba hii bila kunung'unika. Nilipomwambia nataka kigari, nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

"Ni sawa," akasema.

"Ni sawa nini?"

"Ni sawa, tukanunue. Jumamosi tutaenda pamoja tuchague."

Tuchague! Mimi na yeye! Nikageuka nisionekane nikitabasamu.

Jumamosi ikafika. Sokoni Kitale kulikuwa na muuza mitumba mmoja anaitwa Kagwe, mtu wa maneno mengi kuliko bidhaa. Alikuwa ameweka vigari viwili mbele ya kibanda chake.

"Karibu mama, karibu mzee. Hii yote ni kamera," akasema. Kwa lugha yao kamera ni mtumba wa daraja la kwanza. "Imetoka ng'ambo juzi. Mtoto wa huko alikalia mara moja tu, akakua."

Kigari cha kwanza kilikuwa na magurudumu manne madogo ya plastiki, cha rangi ya waridi, na mwavuli wenye vipepeo. Kilipendeza macho. Cha pili kilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, makubwa, ya kujazwa upepo kama ya baiskeli. Kilikuwa cha kijani, kizito, na kiti kilikuwa kimechanika pembeni.

Nikamkalisha Ian kwenye kile cha vipepeo. Nikakisukuma hatua chache, kikakwama kwenye kijiwe kisichozidi punje ya mahindi. Kichwa cha Ian kikaanguka mbele. Nikamwinua haraka kabla Hillary hajaona vile shingo ilivyolegea.

"Hiyo ni ya lami, mama," Kagwe akasema bila haya, ilhali dakika ileile alikuwa amekisifu. "Jaribu hii ingine."

Kile cha magurudumu matatu kilikuwa na kiti kirefu na mikanda ya kupita mabegani. Nilipomfunga Ian, alikaa. Nawaambieni, alikaa wima! Mabega yalishikwa, kichwa kikatulia, akaangalia soko lote kama chifu aliyekuja kukagua. Nikamsukuma juu ya mawe, juu ya maganda ya miwa, juu ya mtaro mdogo wa maji machafu, na kigari kikapita tu. Ian akaanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu.

"Unaona?" Kagwe akasema. "Na hii wazungu wanakimbia nayo. Asubuhi mama anakimbia, mtoto yuko mbele."

"Nikimbie niende wapi?" nikamwuliza.

Akacheka. Hillary hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, anabonyeza magurudumu kwa kidole gumba, anatikisa mpini, anafungua na kufunga mikanda. Sijawahi kumwona na uangalifu kama huo. Hata ng'ombe wa mahari yangu hakuwakagua hivyo, walichaguliwa na wajomba zake.

"Tuchukue hii," akasema. "Hii ndiyo ya shamba."

"Shamba gani, Baba Ian? Sisi tunakaa mjini."

"Kwani Ndalu si shamba?"

Ndalu ni kwao, na kule barabara za mvua nazijua. Mtu akijali njia ya kwao, kuna ubaya gani?

Kisha akamgeukia Kagwe. "Itambeba mpaka awe na miaka mingapi?"

"Mzee, hiyo ni chuma. Hata mtoto wa shule ya nasari anaingia."

"Na akiwa mkubwa kuliko huyo wa nasari?"

Kagwe alimwangalia Ian, akaniangalia mimi, maneno yakamwishia kwa mara ya kwanza. "Lakini si hapo atakuwa anajitembelea, bana?"

Hillary alitoa pochi.

Mkitaka kunicheka, nichekeni hapa hapa. Mimi nilidhani ni ubahili wake wa kila siku, anataka kitu kitakachodumu. Nilidhani hajui. Nilitembea kutoka sokoni nikisukuma kigari kile huku mume wangu akiwa kando yangu, na watu wakitugeukia, nikajisikia kama mke. Kwa miezi mingi hatukuwa tumekubaliana jambo lolote, na siku hiyo tulipenda kitu kimoja. Hilo ndilo lililonimaliza.

Jioni hiyo, akila, akasema, "Kesho tunaenda Ndalu. Mayi anataka kumpa Ian kuku wake."

Nikalirudisha tonge la ugali sahanini.

Mayi ndivyo tunavyomwita mama mkwe wangu. Na kuku huyo nilikuwa nimemkwepa mwaka mzima na zaidi. Katika boma lile, mjukuu hapewi kuku akiwa mikononi mwa mamake. Bibi anamwachilia kuku uani, amefungwa mguu ili asiende mbali, na mtoto anamfuata kwa miguu yake mwenyewe mpaka amshike. Wanawake wanapiga vigelegele, na kuanzia siku hiyo mtoto ana mali yake katika boma, anahesabiwa. Wajukuu wengine wote walikuwa wameshika kuku zao wakiwa bado na maziwa ya mama mdomoni.

"Ian hajisikii vizuri," nikasema. "Nafikiri ni malaria."

"Si kuna kigari? Tutasema amechoka na safari."

Nilishangaa jinsi alivyonirahisishia uongo. Lakini mtu aliye majini haulizi kamba imetupwa na nani. Niliishika.

Asubuhi nilimvalisha Ian soksi na viatu vyeupe vipya. Nilitaka aonekane mtoto wa watu. Viatu hivyo, jamani. Laiti ningemwacha miguu mitupu.

Tulifika Ndalu watu wametoka kanisani. Kigari kiliteremshwa kutoka kwenye buti la Peugeot tuliyosafiria, nikamfunga Ian mikanda, nikaingia naye bomani kichwa juu. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Walisimama wote.

"Uuuwi! Gari ya wazungu imefika Ndalu!"

"Mama Ian, mgongo umepeleka wapi? Umeuza?"

"Mwacheni, huyo ni bibi ya karani. Sisi tuendelee na shuka zetu za kubebea."

Nikacheka nao, nikaringa makusudi, nikazungusha kigari mbele yao kama muuza duka. Walikuwa wananitukana na mimi nilikuwa nafurahi. Phelista peke yake alikuwa ameangalia chini, anachambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

Mayi akatoka ndani. Mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. "Mulembe. Kalibuni. Habali ya safali?" Kisha akainama mbele ya kigari, akamtazama Ian kwa muda mrefu. Akamshika kidevu. Akashika miguu yote miwili, mmoja kila mkono, akaiachia polepole.

"Lete kuku," akamwambia Phelista.

Kuku akaletwa, jogoo mwekundu, akaachiliwa kwenye nyasi. Wanawake wakaanza kupiga makofi. "Mshushe! Mama Ian, mshushe mwenyewe amfuate!"

"Amechoka na safari," nikasema.

"Mtoto anachoka na safari ya kukaa? Mshushe!"

"Tena ametoka kuugua. Miguu haina nguvu leo."

Mama mmoja, ambaye hata jina lake silijui, alikuwa amepiga magoti mbele ya Ian akimchezea. Akainua mguu mmoja wa mtoto, akatazama soli ya kiatu. Akainua wa pili. Makofi yakapungua.

"Hii viatu ni mpya?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema, nikashukuru kwamba jibu lilikuwa karibu. "Tulinunua jana."

"Na ile ya zamani iko wapi? Ile alikuwa anavaa?"

Ian hakuwahi kuwa na viatu vya zamani. Mtoto wa miaka mitatu kasoro, na hakuna kiatu hata kimoja alichowahi kukimaliza. Nilifungua mdomo, nikaona nyuso zote zinanisubiri, na nikaona zinaelewa moja baada ya nyingine.

Nilimtafuta Hillary kwa macho. Alikuwa kando ya ghala, amenipa mgongo, anaongea na simu. Au anajifanya kuongea.

Basi imekwisha, nikajiambia. Hapa ndipo nitakaposikia neno la kurudi Mabanga. Nikashika mpini wa kigari kwa mikono miwili.

Mayi akaenda, akamkamata yule jogoo mwenyewe, akaja akamweka mapajani mwa Ian. Ian akamshika manyoya, akapiga kelele ya furaha.

"Ameshika," Mayi akasema. "Ni yake. Pigeni vigelegele."

Hakuna aliyepiga.

"Nimesema pigeni!"

Wakapiga. Mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe hakuwahi kunitetea hata kwa chumvi iliyozidi, alikuwa amevunja desturi ya boma lake mbele ya majirani kwa ajili ya mtoto wangu. Nilitaka kumwangukia miguuni. Nilijilaumu kwa kila neno baya nililowahi kumfikiria.

"Mwache mtoto na babake," akaniambia. "Wewe kuja hapa."

Nikamfuata. Tulipita jikoni, tukapita nyuma ya jikoni, mpaka kwenye chumba cha udongo ambacho siku zote niliambiwa ni cha mbegu na mbolea. Kilikuwa na kufuli. Mayi alitoa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la leso yake.

"Usipige kelele," akasema. "Yeye hapendi kelele."

Mlango ukafunguka. Mwanga ukaingia, na ndani, kwenye mkeka, alikuwa amekaa mwanamume. Ndevu zilikuwa zimeanza mvi. Miguu yake ilikuwa myembamba, imekunjwa upande mmoja, na mikono imepinda kifuani. Na uso, jamani. Uso ulikuwa wa Hillary.

"Huyu ni Bramwel," Mayi akasema. "Kifungua mimba wangu. Hillary anamfuata."

Nikamtazama yeye, nikamtazama Mayi.

"Majirani wanajua alikufa akiwa mdogo. Ni mimi nilisema hivyo, kwa sababu walikuwa wananiuliza kwetu kuna nini." Alisema bila machozi, kama mtu anayeeleza alikopanda maharagwe. "Hapa anakula, anaoga, ananyolewa. Phelista anamletea uji kila asubuhi. Na hakuna mtu amewahi kumcheka Bramwel. Hata siku moja."

Phelista! Phelista wa mkono kiunoni. Alikuwa ametoka kumnywesha kakake uji, akaja akaniuliza mbele ya watu kwetu kuna nini!

"Na Hillary?" nikauliza. Sauti haikuwa yangu. "Hillary anajua tangu lini kuhusu Ian?"

"Tangu mtoto akiwa mchanga. Hillary alilala na Bramwel chumba kimoja mpaka akaenda sekondari. Vile Ian alikuwa anashika mikono, akaniambia, Mayi, imerudi."

Imerudi. Na mimi nilikuwa nimeificha siri kwa mtu aliyeijua kabla yangu. Nilikuwa nimelia peke yangu bafuni, nimefungulia bomba asinisikie, na yeye yuko sebuleni anasikiliza taarifa ya habari.

Ndipo Bramwel akaongea. Maneno yake yalitoka polepole, moja moja, lakini niliyaelewa yote.

"Ni... mama... ya Ian?"

Alijua jina la mtoto wangu. Akatabasamu, akainua kidevu kuelekea kona ya chumba.

"Hapo... ni pake. Nimesema... wasafishe. Hapo... mvua... haiingii."

Nikaangalia. Kwenye kona kulikuwa na godoro dogo, jipya, bado liko kwenye nailoni yake. Juu yake kuna blanketi la buluu, limekunjwa vizuri. Sakafu ya upande ule ilikuwa imesiribwa upya.

"Mayi, godoro hilo ni la nani?"

"Hillary ndiye alileta wiki jana." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, kwamba alikuwa ananihurumia kweli. "Nyinyi bado vijana, Nabwile. Mtazaa mwingine. Majirani leo wamemwona akishika kuku, anahesabiwa, hawatasema hakuwa wetu. Baadaye tutasema aliugua. Huyu niachie mimi. Mimi najua kuwaweka."

Nilivuta mkono wangu. Nikageuka kutoka.

Hillary alikuwa anakuja kutoka uani, akipitia nyuma ya jikoni. Alikuwa anasukuma kigari. Hapo hakuna njia, ni visiki vya mahindi, mawe ya kuotea moto na nyasi ndefu, lakini magurudumu yale matatu yalikuwa yanapita juu ya kila kitu bila kusita, vile hasa nilivyoyachagua yapite. Ian alikuwa amekaa wima kwenye mikanda yake, anacheka kila kigari kikiruka jiwe.

Nikasimama katikati ya mlango, nikashika miimo pande zote mbili.

Hillary alifika, akasimama. Hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu.

"Nabwile," akasema, "toka mlangoni."

Nyuma yangu, gizani, Bramwel aliuliza kwa furaha, "Ndiye... huyo... anakuja?"